Shujaa wa kike na haki ya kukosea

Katika filamu ya Alien ya 1979 kuna mlango unaoombwa ufunguliwe na haufunguliwi. Nje yake wamesimama nahodha Dallas na Lambert, wamembeba Kane, ambaye kiumbe kisichojulikana kimemganda usoni. Ndani yuko Ripley. Kwa kuwa nahodha na msaidizi wake wote wako nje, madaraka ya chombo chao cha anga, Nostromo, yamebaki mikononi mwake. Dallas anaamuru wafunguliwe. Ripley anakataa: utaratibu wa karantini ni saa 24. Dallas anamwambia Kane anaweza kufa ndani ya saa hizo. Ripley analijua hilo na bado hafungui. Anayefungua ni Ash, ofisa wa sayansi, kwa kupuuza amri yake, na kuanzia hapo Nostromo imekwisha.

Hakuna ngumi, hakuna bunduki, wala hakuna mtu wa kutuambia kwamba mwanamke huyu ni jasiri. Kuna uamuzi tu, tena mchungu: yuko tayari mwenzake afe ili wengine wapone. Wakati huo mtazamaji hajui kama Ripley yuko sahihi. Anaonekana ana roho mbaya, na waandishi wanamwacha aonekane hivyo. Skripti ya Dan O'Bannon na Ronald Shusett ilikuwa na maelezo kwamba nafasi zote za wafanyakazi wa chombo zinaweza kuchezwa na mwanamume au mwanamke. Wengi wamelichukua jambo hilo kama kanuni: andika mwanamume, halafu mpe mwanamke aicheze. Mimi nalisoma tofauti. Waandishi hawakuwa na sababu ya kujiuliza wanawake wangejisikiaje Ripley akionyeshwa akimfungia mlango mgonjwa. Walimwandika bila kumlinda.

Kumlinda ndiko kunakowaharibu mashujaa wengi wa kike wa filamu kubwa za siku hizi. Mabishano ya watazamaji huwa yaleyale: upande mmoja unasema steringi wa kike amepewa nguvu kupita kiasi, upande wa pili unajibu kwamba wanaosema hivyo wanawachukia wanawake. Wote wanatazama misuli. Superman ana nguvu kuliko wote hao na ameandikwa vizuri mara nyingi tu. Cha kuuliza ni kama skripti inamruhusu shujaa aamue vibaya, alipe, na deni libaki.

Chukua Captain Marvel ya 2019. Carol Danvers, rubani wa Jeshi la Anga la Marekani, anapata ajali mwaka 1989, anachukuliwa na Wakree, watu wa sayari nyingine, anapoteza kumbukumbu, na kwa miaka 6 anapigana upande wao dhidi ya Waskrull, jamii nyingine ya angani. Katikati ya filamu anagundua kwamba Waskrull aliokuwa akiwawinda ni wakimbizi wanaotafuta pa kuishi, na kwamba wadhalimu ni hao waliomvisha sare. Mwandishi hapo ameokota dhahabu. Shujaa wake amekuwa silaha ya mdhalimu kwa miaka 6. Ameua wangapi? Kuna mtoto ndani ya ile meli ya wakimbizi ambaye jamaa yake aliuawa na kikosi chake? Filamu inalimaliza jambo hili kwa sentensi mbili tatu: Carol anaomba radhi kwamba hakujua, Talos, kiongozi wa Waskrull hao, anamjibu kuwa hii ni vita na hata mikono yake yeye imechafuka, safari inaendelea.

Kinachobaki ni kifaa kidogo shingoni kinachobana nguvu zake. Akishakivunja, hakuna wa kumweza. Yon-Rogg, mwalimu wake wa zamani, anapomtaka wapigane bila nguvu hizo, Carol anamrusha kwa pigo moja na kumwambia hana cha kumthibitishia. Kauli ni nzuri na ilistahili makofi. Lakini sehemu nzima ya mwisho haina uamuzi hata mmoja unaomgharimu kitu. Tatizo lake limekuwa la kiufundi, na limetatuliwa kiufundi.

Sasa mlinganishe na Tony Stark, wa studio hiyohiyo. Katika Iron Man ya 2008 anajeruhiwa na kombora lenye jina la kampuni yake mwenyewe, na kugundua kwamba silaha zake ziko mikononi mwa wauaji ndiko kunakoendesha filamu nzima. Mwaka 2015 anamuunda Ultron, roboti linalogeuka adui, mji unaangamia, na kosa hilo linamfuata filamu baada ya filamu. Thor naye anaanza safari yake ya 2011 kwa kuchokoza vita kwa kiburi, baba yake anamnyang'anya nyundo na kumfukuza. Kwa wanaume hawa kosa ndilo mtaji wa hadithi. Carol alikuwa na kosa kubwa kuliko la Stark, na waandishi wakalikwepa kama kaa la moto.

Kwa nini? Sidhani ni ukosefu wa kipaji. Kwenye majina yanayotokea skrinini, hadithi ya Captain Marvel peke yake imetajwa kuwa ya watu 5, kabla hujafika kwenye skripti. Filamu ya bajeti ya zaidi ya dola milioni 150 inapita mikononi mwa wazalishaji, watu wa masoko na watazamaji wa majaribio, na kila anayeisoma ana la kupunguza. Mwanamke akiwa mmoja kati ya mashujaa wengi wa kiume, kila udhaifu wake unaogopwa kusomwa kama udhaifu wa wanawake wote. Akikosea, watasema studio inawadharau wanawake. Akilia, hivyohivyo. Basi linaondolewa hili, linapunguzwa lile, na mwisho wake anabaki mtu asiye na kona. Ni hofu inayoeleweka, lakini matokeo yake ni mhusika ambaye hakuna mwigizaji anayeweza kumwokoa. Brie Larson ana tuzo ya Oscar. Uigizaji haukuwa tatizo pale.

Rey wa Star Wars ni kesi ngumu zaidi, kwa sababu alianza vizuri. Wanaosema katika The Force Awakens ya 2015 aliweza kila kitu bila kufundishwa wametazama nusu. Tunamkuta Jakku akipanda ndani ya mizoga ya meli za vita na kunyofoa vipuri. Ndiyo maana anajua injini. Anatembea na fimbo na anaitumia kabla hajashika upanga wa mwanga. Na Kylo Ren, adui ambaye Rey anamshinda msituni, alikuwa ameshapigwa risasi na Chewbacca kwa silaha ambayo filamu imetuonyesha mara kadhaa ikiwarusha askari hewani. Anajipiga kidonda chake akivuja damu. Hayo yote yalipandwa mapema. Bora kuliko yote ni pale kwenye dirisha la mnunuzi wa vipuri, Unkar Plutt. Rey analipwa robo mgawo kwa kazi ya siku nzima. Unkar Plutt anampa migawo 60 akimuuzia roboti BB-8. Njaa iko usoni, mkono umeshafika kwenye pakiti, halafu anakataa. Tukio moja, maneno machache, na umeshamjua kuliko hotuba yoyote ingekujulisha.

The Last Jedi ya 2017 ikampa kosa halisi. Anajipeleka mwenyewe kwenye meli ya Snoke, bwana wa Kylo Ren, akiamini Ben Solo, yaani Kylo mwenyewe, atageuka. Anageuka nusu: anamuua bwana wake, kisha anamwomba Rey watawale pamoja. Rey alikuwa amebashiri vibaya. Juu ya hapo anaambiwa wazazi wake walikuwa watu wa kawaida waliomuuza, kwa hiyo nafasi yake katika hadithi haitoki kwa ukoo wowote.

Kisha ikaja The Rise of Skywalker ya 2019. Ukoo ukarudi: Rey ni mjukuu wa Palpatine, mtawala mwovu wa filamu za zamani, na nguvu zake zikawa urithi. Hilo limelalamikiwa vya kutosha. Kilichonisumbua mimi zaidi ni tukio la jangwani Pasaana. Rey anavutana na Kylo Ren juu ya chombo wanachoamini kimembeba Chewbacca akiwa mateka. Hasira inampanda, radi inamtoka mikononi, chombo kinalipuka. Amemuua rafiki yake kwa nguvu asizoweza kuzizuia. Kwa muda mfupi ile filamu iko hai kuliko wakati wowote mwingine. Halafu, kabla hata maumivu hayajakaa, tunaonyeshwa Chewbacca yuko mzima, alikuwa kwenye chombo kingine. Kuanzia hapo Rey haamini tena nguvu zake, lakini mtazamaji ameshaambiwa hakuna aliyekufa, kwa hiyo anamtazama akiteseka kwa jambo ambalo halikutokea. Ukitaka kumfundisha mtu maana ya kumlinda shujaa, mwonyeshe tukio hilo.

Kinyume chake ni Prey ya 2022, iliyoongozwa na Dan Trachtenberg, ambayo naiona ndiyo iliyoandikwa kwa ufundi zaidi kati ya hizi za karibuni. Ni ya mfululizo wa Predator, kiumbe wa angani anayewinda watu, ila mwaka ni 1719, katika nyanda za kaskazini za Marekani ya sasa, na steringi ni Naru, binti wa Kicomanche. Anajua mitishamba, anajua kufuata nyayo, ila anachotaka ni kuwa mwindaji kama kaka yake Taabe.

Mtazame anavyoshindwa. Anamkosa kulungu. Anapanda mtini kumvizia simba wa milimani, anashtushwa na mwanga na kishindo cha mbali, anaanguka na kuzirai. Taabe ndiye anayerudi na mzoga na kupewa uongozi. Anatumbukia kwenye tope linalomeza mtu, nusura afie humo, anajivuta kwa shoka na kamba. Anaposema kuna kitu msituni kikubwa kuliko dubu, wanaume wanamcheka, na yeye mwenyewe hana ushahidi.

Kila alichoshindwa au alichokiona akiwa mnyonge kinageuka kuwa kifaa. Tope lililotaka kumuua anakuja kulitegesha. Kamba aliyoifunga kwenye shoka inamwezesha kulirusha na kulirudisha mkononi. Ua la rangi ya chungwa analompa majeruhi ili kupoza damu linamfunulia siri akiwa na mkalimani aliyejeruhiwa wa wawindaji wa Kifaransa: mtu aliyelila anapoa mwili, na adui, ambaye macho yake yanaona joto, anafika mpaka juu yake bila kumwona. Kinyago cha adui nacho amekitazama kwa makini: mishale yake ya chuma hufuata pale kinyago kinapolenga. Mwishoni anakula lile ua, anamvua adui kinyago, anakitega kikiwa kimeelekea topeni, kisha anamvutia humo. Adui aliyezama anafyatua mshale, mshale unatii kinyago, unamrudia kichwani. Naru hajamzidi nguvu hata dakika moja. Na hakushinda peke yake, kwa kuwa Taabe alishamjeruhi kabla ya kuuawa. Kifo hicho hakirudishwi.

Filamu hiyo ina maneno machache kiasi kwamba ukiizima sauti bado unaifuata. Kwa watazamaji waliokulia kwenye vibanda umiza, wanaotazama filamu ikisimuliwa juu yake na DJ, hilo si jambo dogo. Msimuliaji anaweza kubadili maneno yote, akaongeza utani na matusi, lakini hawezi kubadili mtu anachoamua kwa vitendo. Shujaa aliyeandikwa kwa sifa anazopewa na wenzake hupotea kwenye usimulizi huo. Aliyeandikwa kwa maamuzi hubaki.

Kuna vipimo ambavyo wahakiki hutumia. Kinachojulikana zaidi kilitoka kwenye katuni ya Alison Bechdel ya 1985: filamu iwe na wanawake angalau wawili, wazungumze wao kwa wao, na wazungumzie jambo lisilokuwa mwanamume. Filamu inayotajwa mlemle kwenye katuni kuwa imefaulu ni Alien. Ni kipimo kizuri cha kuhesabu kundi la filamu nyingi, na kibovu cha kupima filamu moja. Gravity ya 2013 humbeba Sandra Bullock peke yake karibu mwanzo hadi mwisho na bado hukwama pale. Kinachonifaa zaidi ni kile alichokiita mhakiki Tasha Robinson, mwaka 2014, ugonjwa wa Trinity: mwanamke anaingia akiwa fundi kuliko wote, anamfundisha mwanamume asiyejua kitu, kisha anasogea pembeni amwachie ushindi. Kisa ni yule Trinity wa The Matrix. Tangu hapo studio zimejitahidi kuutibu kwa kumpa mwanamke ushindi. Zilichosahau ni kwamba Neo, yule mwanamume anayeachiwa ushindi na Trinity, pamoja na kupewa ushindi, alipewa pia mashaka, kushindwa na kufa.

Ukitaka kuona mwanamke aliyepewa vyote hivyo, rudi kwa Sarah Connor wa Terminator 2 ya 1991. Watu hukumbuka mikono yake iliyojaa mazoezi. Mimi nakumbuka usiku nyumbani kwa Miles Dyson, mhandisi ambaye kazi yake itakuja kuzaa mashine za maangamizi. Sarah yuko nje na bunduki, alama nyekundu ya shabaha imetulia mgongoni mwa Dyson. Gari la kuchezea la mtoto linamgonga Dyson mguuni, anainama, risasi inapita. Sarah anaingia ndani, anamjeruhi begani, anamwelekezea bastola mbele ya mkewe na mtoto wake. Hapo ndipo anashindwa kumaliza na kukaa chini akilia. Amekuja na mantiki ileile ya mashine inayomwinda yeye: ua mmoja leo, badilisha kesho. James Cameron alimwacha afike ukingoni kabisa mwa uovu, na hakumpa udhuru. Studio ya leo ingeuliza kama watazamaji wataendelea kumpenda.

Usidhani hili haliwezekani tena. Black Panther ya 2018 ni filamu ya Marvel, ina bajeti kubwa na wahusika wengi, na bado ina Okoye, jenerali wa Dora Milaje, kikosi cha wanawake wanaomlinda mfalme. Killmonger anamwangusha T'Challa, mfalme wa Wakanda, na kukalia kiti chake. Nakia, anayechezwa na Lupita Nyong'o, anamtaka Okoye watoroke. Okoye anakataa: yeye ni mtiifu kwa kiti hicho, yeyote anayekikalia. Anamwambia Nakia kama anaipenda nchi, aitumikie. Nakia anajibu kwamba yeye anaiokoa. Hao ni wanawake wawili wanaobishana kuhusu sheria na dola, na wote wawili wana hoja. Okoye anabaki upande mbaya, kwa sababu nzuri, na anamlinda mtawala ambaye yeye mwenyewe hamtaki.

Anapogeuka hasukumwi na mapenzi. T'Challa anarudi akiwa hai, na Okoye anasema pambano la kugombea kiti halijakamilika. Msimamo wake haujabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni ukweli wa mambo. Baada ya hapo mume wake, W'Kabi, anasimama upande wa pili wa uwanja, anamuuliza kama angemuua. Anamjibu kwamba kwa ajili ya Wakanda angefanya hivyo bila kusita. Okoye ana dakika chache kuliko Captain Marvel kwenye filamu yake mwenyewe, lakini kila dakika ina kitu cha kupoteza.

Kuhusu pesa, hoja kwamba filamu ya shujaa wa kike haiuzi haistahili muda mrefu. The Force Awakens ilipita dola bilioni 2, Captain Marvel ikapita bilioni 1.1. The Marvels ya 2023, yenye Carol yuleyule, iliishia karibu milioni 206. Mwaka huohuo The Flash, yenye steringi wa kiume, ikaanguka vibaya pia, na hakuna aliyeandika kwamba wanaume hawauzi tena tiketi. Na tusijidanganye upande wa pili: Furiosa ya 2024 iliandikwa kwa makini kuliko nyingi nilizozitaja, na haikurudisha fedha zake. Mauzo yanatokana na mambo mengi. Mwandishi anayetafuta somo la uandishi kwenye orodha ya mauzo atapotea.

Somo lipo karibu zaidi. Mwaka 2009 Mkenya Wanuri Kahiu alitengeneza Pumzi, filamu fupi ya dakika 20 hivi, inayotokea miaka 35 baada ya vita vya maji. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, jasho na mkojo vinachujwa vinywewe tena. Asha, anayetunza makumbusho, anapata udongo ambao mbegu inaota ndani yake. Anaomba kibali cha kutoka nje, wakubwa wanamkatalia, anatoroka na mche. Jangwani anao uchaguzi mmoja unaojirudia kila hatua: maji yaliyobaki ayanywe yeye au uyanywe mche. Hakuna pambano. Bajeti ile isingetosha hata kulipia nywele za Captain Marvel. Na bado Asha ana gharama iliyo wazi kuliko Carol, tena inapimika kwa mafunda.

Kwa anayeandika Dar es Salaam au Nairobi, hili ni jambo la kushika kwa kalamu nyekundu. Chukua rasimu ya kurasa 100, piga mstari kila mahali ambapo shujaa wako wa kike anaamua jambo yeye mwenyewe. Kama mstari wa kwanza unapita ukurasa wa 30, kuna anayeishi kwa niaba yake. Pembeni mwa kila mstari andika alichopoteza kwa uamuzi huo: rafiki, heshima, mkono, nyumba. Usiandike "amani ya moyo". Hiyo haipigwi picha. Halafu soma kurasa 10 zinazofuata uone kama alichopoteza kimerudishwa. Kama kimerudishwa, ukurasa wa kufuta ni huo uliokirudisha, na ule wa kosa uuache.